Mwanafunzi wa Mbaabu

Kinoti, mwana wa Mbaabu, alikuja kwangu Jumanne asubuhi. Alivua viatu mlangoni ingawa sikumwambia avue, akakaa ukingoni mwa kiti jinsi wanavyokaa watu walioleta ombi. Habari za kifo cha babake nilikuwa nimezipata siku iliyotangulia nikiwa napika chai, na sitadanganya katika kitabu changu mwenyewe: niliimimina ile chai, nikaongeza sukari. Namwita Kinoti kijana, lakini ana mvi na tumbo, na mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amefungwa mgongoni kwa mamake akinyonya kidole. Alimaliza kikombe kizima ndipo akasema, "Auntie Kagendo, mzee aliacha neno. Alisema akienda asibebwe na gari ya mtu mwingine. Abebwe na lori ya mwanafunzi wake."

"Mwanafunzi wake gani?"

"Si ni wewe? Tangu tukiwa wadogo ametuambia vile alikufunza kuendesha. Hata kwa ile karatasi ya mazishi tumeandika."

Nina karibu miaka sabini, nina malori manne, na moja kati yake bado naliendesha mwenyewe magoti yakiniruhusu. Nimetukanwa na askari wa barabarani, nimezomewa na wapagazi, nimepigiwa honi na watoto wasiojua kufunga kamba za viatu. Hakuna tusi lililonichoma kama hilo neno mwanafunzi lililotoka kinywani mwa mtu asiyejua kwamba ni tusi. Nilimwambia Kinoti nitambeba babake, na sitaki hata mafuta ya safari. Alinishika mikono yote miwili akashukuru mpaka nikaona aibu, maana sikuwa nimekubali kwa wema. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nikimdai Mbaabu siku moja, na mtu wa kudaiwa akijileta mwenyewe mpaka mlangoni, hata kama ni ndani ya sanduku, humfungii mlango.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, mpishi wa wafanyakazi katika shamba la ngano na viazi pale Kiirua. Mzungu wa shamba alikuwa ameshafunga mizigo yake, na mwenye shamba mpya alikuwa mtu wetu, mkali, mwenye haraka ya kuonyesha kwamba anaweza. Jiko langu lilikuwa chumba cha zamani cha matandiko ya farasi. Mpaka nilipoondoka pale kuta zilinuka ngozi na jasho la mnyama, na siku za mvua harufu hiyo iliingia hata kwenye uji. Dirisha lilitazama uwanja wa malori. Ndani palikuwa na meza moja ndefu, ambayo kwa kweli ilikuwa mlango uliolazwa juu ya mapipa, na kitasa chake bado kilikuwa pale katikati, nikikitumia kutundikia mwiko. Vibarua walikula nje wakiwa wamechuchumaa. Madereva walikula ndani, upande wa moto, na mwenye kiti cha karibu kabisa na moto alikuwa dereva mkuu, Mbaabu.

Alikuwa mtu wa mabega, mwenye koti la jeshi alilopata sijui wapi. Akiingia aliweka kofia mezani mbele ya kiti chake, na hata asipokuwepo, kofia ikiwepo hakuna aliyethubutu kukaa. Ila alikuwa msemaji mzuri, hilo siwezi kumnyima. Akila aliendesha upya safari nzima kwa mdomo. "Gia ya tatu ya hii lori haitaki nguvu," angesema huku mkono umeshika kijiko kama gia. "Unakanyaga klachi, unaachilia, unapiga mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndio inaingia. Ukiilazimisha inalia." Wenzake walijibu kwa habari zao: kona fulani ya Igoji inayokufichia ng'ombe, daraja la Nithi linalotaka uwe kwenye gia ya pili kabla hujaliona, matope ya Thuci yanayoteleza hata jua likiwaka. Mimi nilikuwa nikimenya viazi. Hakuna anayechunga mdomo mbele ya mtu anayemenya viazi, na kwa mwaka mmoja nilisikia barabara yote kutoka Meru mpaka Embu, mto kwa mto, kabla sijawahi kuvuka hata ule wa Kathita.

Nilimwambia Mbaabu ninachotaka mwezi wa pili wa mwaka ule, wenzake walipokuwa wametoka. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonifunga. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Hii gari inataka mtu ako na mabega, mwari. Lakini nipikie vizuri, nitakufunza. Kesho."

Basi nikampikia. Mukimo wake wa viazi na mahindi niliuponda peke yake, bila maganda. Mfupa wenye uboho ulikuwa wake. Na nikichinja kuku kwa meza ya mwenye shamba, firigisi, ambayo kwetu ni ya mzee wa boma na haiguswi na mwanamke wala mtoto, niliitoa kwenye sufuria ya mwenye shamba nikamwekea dereva. Fikiria nilichokuwa nikifanya. Ningegundulika ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Mbaabu aliila taratibu, akajifuta vidole, akasema, "Kesho." Aliila hivyo miezi minne. Ahadi ni deni, wanasema, lakini wanaosema hivyo hawajamwona mtu akilila deni lake mwenyewe kwa chumvi.

Siku ilipofika, nilikuwa wa mwisho kujua ni siku ya nini. Ilikuwa Jumamosi ya kuvuna viazi, watu wamejaa uwanjani, magunia yamepangwa nyuma ya lori yakisubiri kupakiwa. Mbaabu alisimama mlangoni mwa jiko akaniita kwa sauti ya watu wote kusikia. "Njoo, leo ni leo." Nilikimbia kuvaa viatu vya kanisani. Alinipandisha kebini, akawasha injini mwenyewe akiwa amening'inia mlangoni, akanikanyagisha klachi, akaingiza gia kwa mkono wake, akaniambia nikanyage mafuta kisha niachilie klachi haraka. Kabla sijaachilia nilimwona akiwakonyeza wenzake. Nililiona lile konyezo, na mguu ukawa umeshatii. Alikuwa ameweka rivasi. Lori liliruka nyuma likapanda magunia, viazi vikapasuka na kutapakaa uwanja mzima, likafa. Nilipiga paji la uso kwenye usukani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenye shamba alikuja mbio, na Mbaabu akamwambia kwa upole kabisa, "Mimi nilimkataza, bwana. Ameingia kwa nguvu." Kuanzia siku hiyo ilipigwa marufuku mwanamke yeyote kukaribia gari katika shamba lile, na jina langu likawa Rivasi. Wako wazee wa Kiirua wanaoniita hivyo mpaka leo, wakidhani wananitania.

Jioni ile nilipakua chakula kama kawaida, uvimbe ukinidunda juu ya jicho. Mbaabu akala. Mimi nilitazama koo lake likipanda na kushuka, na nikajua kwa utulivu ulionishangaza kwamba nitaendesha lori, na kwamba huyu mtu ataniona. Siku hizi vijana huenda hotelini kumsikiliza mtu aliyevaa suti akiwaambia wafumbe macho waione ndoto yao, waamini, nayo itakuja. Mjukuu wangu alirudi kutoka mkutano kama huo uso unang'aa, ameona nyumba ya ghorofa na bwawa la kuogelea. Nilimwuliza kama ameona pia fundi akichelewa na simiti ikiganda. Akasema mimi ni mtu wa kukatisha tamaa. La. Mimi nimeona mbali kuliko yule wa suti, ila sikufumba macho, na kilichonipa nguvu ya kuona hakikuwa matumaini. Ilikuwa chuki safi, niliyoiamsha kila asubuhi pamoja na moto.

Nje ya jiko palikuwa na meko ya zamani yaliyoachwa. Nilichukua mafiga yake matatu nikayapanga chini ya meza, mbele ya kigoda changu cha kumenyea viazi. La kushoto klachi, la katikati breki, la kulia mafuta. Mwiko uliotundikwa kwenye kitasa ndio ulikuwa gia, na kitasa chenyewe kilikuwa mahali pake pa kukaa. Kila siku nilitoka Kiirua kwa kumenya viazi. Nilishuka Meru mjini, nikavuka Kathita, Mutonga, Maara, Nithi. Niliweka mvua. Niliweka ng'ombe wa Igoji, na gia ya tatu inayolia, na nikikosea kukanyaga klachi mara mbili nilijirudisha mwanzo wa mteremko nianze upya, hata kama viazi vimekwisha na maji yanachemka. Uteo wa unga niliufanya mji: nilichora barabara kwa kidole, maharagwe yakawa magari, nikajifunza nani ampishe nani. Na kila safari iliishia pahali pamoja. Nilikuwa narudi, naingia lango la shamba, na Mbaabu amesimama kando ya nguzo ya kulia, kofia mkononi, vumbi langu likimfunika polepole kuanzia viatuni. Sikumwongezea neno. Alisimama tu akaniona. Hata sura yake niliijua: mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesahau jina.

Mtu mmoja tu aliwahi kunikuta. Mama Kinoti, mke wa Mbaabu, alimletea mumewe nguo safi siku moja mchana, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mkimya, mkubwa kwangu kwa miaka michache, nami kwa hasira zangu nilikuwa nimemhesabia upande wa adui. Alisimama pale akaniangalia miguu chini ya meza.

"Hayo mawe unafanyia nini?"

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamwambia ni gari. Nilingoja acheke, ili nimchukie yeye pia. Aliweka nguo mezani, akazunguka, akavua kiatu cha kulia, akaweka mguu juu ya jiwe la kushoto, mtoto akining'inia. "Na hili?"

"Hilo ni klachi. Ni la mguu wa kushoto, Mama Kinoti."

Akabadilisha mguu. Alikanyaga mara moja, mara mbili, akitazama dirishani kule kwenye malori. Kisha akavaa kiatu, akasema, "Sitamwambia," akaenda zake. Na hakumwambia.

Aliyenitoa pale alikuwa Njeru, Muembu wa Karurumo, dereva aliyeleta mahindi na maharagwe ya kwao na kurudi na viazi vyetu. Alikula jikoni kila wiki na maneno yake yalikuwa machache kuliko matonge. Siku moja Mbaabu aliniita Rivasi mbele yake, akamsimulia kisa chote, akacheka peke yake. Njeru alingoja mwenzake atoke. Aliniuliza kama bado nataka. Nilisema nataka. Akasukuma sahani kando.

"Umetoka Chuka, umebeba magunia themanini. Kumenyesha. Unafika kwa mteremko wa Thuci. Unafanya nini?"

Nilimshusha kwa mdomo. Nilimwambia pa kupunguza, gia ipi na wapi, klachi mara ngapi, upande gani wa barabara una changarawe. Nilimwambia sitaweka fri hata kama mteremko unanibembeleza, maana hilo lilikuwa kosa la madereva wetu wote: wakiona mteremko walilitoa lori kwenye gia, wakaliacha lishuke lenyewe, wakaita huo ni ufundi. Mbaabu ndiye alikuwa bingwa wao, na nilimsikia akijisifu hivyo mara mia. Nilimvusha Njeru daraja, nikampandisha ng'ambo mpaka Runyenjes, nikasimamisha.

Aliivuta sahani tena mbele yake. "Umesahau handibreki," akasema. "Lingine sijaona."

Alinipeleka Karurumo. Nilimwambia mwenye shamba naenda kumwuguza shangazi, nikaondoka na nguo mbili. Nilikaa kwao majuma matatu, nikalala chumba kimoja na binti zake kati ya magunia ya njugumawe, na mkewe alinipokea bila kuuliza maswali. Lori halikuwa kama mawe. Klachi yake ilikuwa nzito mpaka usiku goti lilitetemeka lenyewe, na mara ya kwanza nilipoliondoa lilikohoa likafa, nami nikakumbuka kicheko cha Kiirua nikataka kushuka nikimbie. Njeru hakugeuka kunitazama. "Washa tena," akasema tu. Lakini ikawa hivi: mikono haikujua, na kichwa kilijua. Kila kona tuliyofika nilikuwa nimeshaipita mara mia nikiwa na kisu na kiazi, na kufikia juma la pili mikono ilianza kuamini.

Mtihani ulikuwa Embu. Mtahini alikuwa mtu wa miwani, aliyedhani nimekuja kumletea mtu chakula. Alinisimamisha mbele ya ubao uliochorwa mji mdogo, barabara, mizunguko, kanisa na posta, akanipa kigari cha mbao. "Nipeleke posta," akasema, akimtazama mwenzake. Nilimpeleka posta, nikamrudisha kwa njia nyingine, nikamwonyesha mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameegesha kigari kingine vibaya. Kisha tukatoka na lori la Njeru. Tuliporudi aliandika kwa muda mrefu, akaivua miwani, akaniuliza nani alinifunza. Nilisema jiko. Jioni ile Karurumo mke wa Njeru alichinja kuku. Njeru alipopewa sahani yake alitoa firigisi kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu, akaendelea kula kana kwamba hajafanya kitu. Binti zake wote waliacha kutafuna. Niliitafuna nikilia, na ilikuwa ngumu, na sijala nyama tamu kama ile.

Kesho yake Njeru aliniachia usukani mpaka Kiirua. Nilivuka mito yote kwa mpangilio wake. Lango likaonekana. Nilipunguza, nikaingiza gia ya pili, nikageuza shingo upande wa kulia, kwenye nguzo.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kamba. Jikoni waliniambia Mbaabu ameondoka siku tatu nyuma. Alikuwa ameweka fri kwenye mteremko kama kawaida yake, breki zikamkataa, akalilaza lori la mwenye shamba mtaroni, na kabla hajaulizwa alikuwa ameshakwea gari la kwenda Isiolo. Mwenye shamba alipungukiwa na dereva, akanikodolea macho mimi na leseni yangu, akameza marufuku yake. Siku hiyo hiyo nikapewa kazi. Wengine wangemshukuru Mungu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha Mbaabu karibu na moto nikahisi nimeibiwa. Kila kitu nilichokiona kilikuja, isipokuwa kile nilichokifanyia kazi.

Tulikutana mara moja tu baadaye, sokoni Kianjai, miaka mingi imepita, mimi tayari nina lori langu. Alikuwa na watu wake wakichagua miraa. Aliponiona alifungua mikono, akanisalimu Kimeru kwa sauti, "Muuga, mwanafunzi wangu!" Watu wakageuka wakitabasamu. Maneno niliyokuwa nimemtunzia yalijaa mdomoni kwa pamoja yakaziba njia. Nilipanda lori nikaenda, na kilomita nzima nilikuwa nikiliza gia kama mwanagenzi.

Kwa hiyo Ijumaa nilimbeba. Mvua ilikuwa imenyesha na magari madogo yote yaliachwa barabarani, hata lile la kanisa. Tulipofika lango la shamba la zamani, ambalo siku hizi limebaki nguzo moja, ya kulia, nilipunguza, nikaingiza gia ya pili. Nilipita polepole naye akiwa nyuma yangu, amelala. Nilikuwa nimetazamia nitahisi kitu. Nilihisi magoti. Mbele ya lango kuna mteremko mzuri mrefu, na tanboi wangu, msaidizi wa lori, akasema, "Mama, si uweke fri tuokoe mafuta?" Nilimwambia akirudia neno hilo atashuka atembee.

Nyumbani karatasi ilisomwa: marehemu alikuwa mwalimu wa mwanamke wa kwanza kuendesha lori pande hizi. Makofi yakapigwa, nikaitwa mbele niseme mawili matatu. Nilishika kipaza sauti. Sikupiga kelele. Nilisema, "Mbaabu hakunifunza. Nilimpa firigisi ya tajiri miezi minne aniambie kesho. Alinipandisha lori akaweka rivasi ili mcheke, na wengine wenu mlicheka, nawaona. Nilifunzwa na mawe matatu na mzee Njeru wa Karurumo. Hiyo karatasi mwirekebishe." Nikarudisha kipaza sauti. Mchungaji alikohoa. Kinoti alitazama viatu vyake, na nilimhurumia, lakini si sana. Mtenda akitendewa huhisi ameonewa, na huyu wa ndani ya sanduku hakuwa hata na nafasi ya kuhisi. Nilikuwa nimesema yote kwa mtu asiyesikia, na utamu wake ulikwisha kabla sijafika kwenye kiti.

Baada ya kuzika, watu walipokuwa wamepanga foleni ya chakula, nilienda kwenye lori ili niondoke. Mama Kinoti alikuwa amesimama pale, kitambaa cheusi kichwani, fimbo mkononi, ameegemea gurudumu. Nilijua amekuja kunilaani, na nikaona ana haki.

"Hata mimi aliniambia kesho," akasema. "Miaka hamsini." Aliutazama mlango wa kebini, upande wa usukani. "Yale mawe, la kushoto ndilo klachi?"

Nilimwita tanboi, tukampandisha, mimi nikimsukuma kutoka chini, yeye akilalamika kiuno. Alikaa. Alivua viatu vyote viwili akavishika mapajani. Nilizunguka nikapanda upande wa pili, nikahakikisha lori halina gia, nikavuta handibreki, nikamwonyesha pa kuwashia. Injini ilinguruma, na kule uwanjani watu wote wa Mbaabu, ndugu zake, wazee wenzake, wanawe, waligeuka na sahani mkononi. Wakamwona.

Walikuwa na midomo wazi kidogo. Niliwatazama mmoja mmoja, sikuharakisha.

"Sasa, Mama Kinoti," nikamwambia, "kanyaga mafuta."